Somo juu ya Vijana na Simu: Kujua Chombo Si Kujua Khabari

Makusudio ya somo hili

Amma baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo hili ni la mababa, na walimu wa vyuo, na vijana wenyewe waliokwisha kupata akili. Makusudio yake ni jambo moja. Kijana aliyekulia na simu mkononi amekijua chombo. Walakini kujua chombo si kujua khabari, wala si kupata ilimu. Na mzazi asemaye, "Mtoto huyu anajua kuliko mimi, basi nimwachie," amejivua wajibu ambao hapana mwingine wa kuuchukua.

Mifano ya somo inatoka zaidi Cheyo, kata moja ya mji wa Tabora. Watu wa pwani wanaujua mji ule kwa baba zao na babu zao, kwani ni watu wa pwani pamoja na Wanyamwezi waliouunganisha na bahari, na tangu siku hizo mji umeishi kwa khabari zitokazo mbali. Mwenye kutaka kujua namna khabari zinavyomlea kijana, na aanze hapo.

1. Khabari katika njia ya misafara

Zamani nchi ile iliitwa Unyanyembe, na mahali walipojenga wafanyabiashara wa Kiarabu palijulikana kwa jina la Kaze. Njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Na hapo ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji katika Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini hata Karagwe na Buganda. Mwendo ulikuwa wa miezi. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani.

Khabari nazo zilikwenda kwa miguu. Katika Novemba 1870 mfuko wa barua za David Livingstone ulifungwa Unguja, ukatiwa katika msafara. Ukachelewa njiani, kisha ukakwama Unyanyembe wakati wa vita vya Mirambo vya mwaka 1871, hata Henry Stanley akauchukua yeye na kumkabidhi mwenyewe huko Ujiji katika Novemba 1871. Maneno yaliyoandikwa yalikaa njiani mwaka mzima.

Walakini khabari ile ya polepole ilikuwa na sifa tatu ambazo msomaji na azishike, kwani ndizo msingi wa somo.

Sifa ya kwanza, khabari ilikuwa na mwenyewe. Barua ya pwani ilimtaja apelekewaye na heshima zake, ikamtaja aliyeiandika, ikatiwa tarehe; na baada ya salamu ndipo yalipokuja maneno yaliyokusudiwa. Mwenye kuipokea alijua ni maneno ya nani, na ni ya siku gani.

Sifa ya pili, khabari ilikuwa na mchukuzi ajulikanaye. Mtu aliyefika Unyanyembe akasema kwamba njia ya Ugogo imefungwa, aliketishwa, akapewa maji, akaulizwa: Je, umeona kwa macho yako, au umesikia? Na kama umesikia, ni kwa nani?

Sifa ya tatu, khabari ilikuwa na muda wa kupimwa. Msafara wa pili ulikuja ukasadikisha au ukakanusha maneno ya msafara wa kwanza, na watu wenye akili hawakufungua mizigo yao kwa neno la mtu mmoja.

Na vijana je? Kijana wa Kinyamwezi alikwenda pwani na mzigo begani, na safari hiyo ilihesabiwa kuwa dalili ya utu uzima. Huko alijifunza Kiswahili, na bei za pembe na nguo, na adabu za watu wa bandarini. Njia ndiyo iliyokuwa chuo chake. Walakini hakuachiwa njia peke yake. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, ajuaye visima, na mahali pa kutoa hongo, na mahali pa kulala. Na kirangozi hakuijua njia kwa kuzaliwa kando yake, bali kwa kuitembea nyuma ya kirangozi mwingine.

2. Namna simu ilivyofika

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku. Ikaja posta, ikaja redio. Kisha katika miaka ya 1990 zikaja Tanzania simu za mkononi, kwanza kwa wenye mali, halafu kwa kila mtu. Mwaka 2007 ulianza Kenya utaratibu wa kutuma fedha kwa simu uitwao M-Pesa, na mwaka 2008 ukaanza Tanzania. Katika Julai 2009 waya wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulianza kazi ukiunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia, na mkongo wa taifa ukaendelea kutandazwa kuelekea bara. Hivyo khabari zikaingia tena Unyamwezi kutokea baharini, kama zamani. Ila sasa hazihesabiwi kwa miezi wala kwa siku, bali kwa kufumba na kufumbua.

Facebook ilianzishwa mwaka 2004, YouTube mwaka 2005, na WhatsApp mwaka 2009. Basi mtoto aliyezaliwa Cheyo mwaka 2010 hakupata kuiona dunia isiyokuwa na vitu hivi. Yeye haoni ajabu kuzungumza na mjomba wake aliye Maskati huku akimwona uso, wala kusikia darsa ya sheikh aliye Lamu. Kwake simu ya kupangusa ni kitu cha nyumbani kama mtungi na mkeka.

Na mambo ya nyumbani yamegeuka kwa sababu hiyo. Ujumbe wa fedha ukiingia katika simu ya bibi, huitwa mjukuu ausome. Fedha zikitakiwa kutolewa kwa wakala, mjukuu ndiye apewaye simu, na aghalabu na namba ya siri pia. Matokeo ya mtihani wa Baraza la Mitihani hutazamwa katika mtandao. Maombi ya mkopo wa masomo ya juu hupelekwa kwa mtandao. Na ajuaye njia hizo nyumbani ni kijana. Amekuwa mwandishi na msomaji wa jamaa zake. Cheo hicho zamani kilikuwa cha mtu mzima aliyeaminiwa. Leo kimeshikwa na mtoto wa miaka 14. Hili si jambo dogo, kwani hapa ndipo mzazi anapoanza kudhani kwamba mtoto anajua kila kitu.

3. Wenyeji na wageni

Mwaka 2001 mwandishi mmoja wa Marekani, Marc Prensky, aliandika kwamba watoto waliozaliwa katika zama za kompyuta ni wenyeji wa mambo haya, na watu wazima ni wahamiaji tu, ambao hata wakijifunza husema kwa lafudhi ya kigeni. Maneno yake yakaenea sana, hata mababa na walimu wengi wakaona kuwa wao hawana la kusema mbele ya mtoto.

Walakini wataalamu walipoyapima maneno yale hawakuyaona kuwa sawa. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha kwamba ushahidi wake ni haba, na kwamba vijana wa umri mmoja wanatofautiana sana katika kujua mambo ya kompyuta. Mwaka 2017 wengine wa Uholanzi na Ubelgiji waliandika waziwazi kwamba huyo mwenyeji ajuaye kwa kuzaliwa hayupo.

Na iko mifano ya kutosha. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa majimbo 12. Wanafunzi wa shule za kati walipoonyeshwa tangazo la biashara lililobandikwa maneno ya kuwa limelipiwa, zaidi ya 80 katika kila 100 walidhani ni khabari ya kweli. Na katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, katika nchi tajiri ambazo watoto wao wamekulia ndani ya vyombo hivi, hawakufika 1 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 walioweza kupambanua jambo lililo kweli na rai ya mtu katika maandishi magumu.

Kwa mwenye insafu, mambo haya yanamrejesha kwa kirangozi. Mtoto aliyezaliwa kando ya njia anaijua vumbi yake na kelele zake. Hajui bado kisima kipi kina maji na kipi kimekauka. Tena mzee wa Cheyo asiyejua kufungua simu huenda akajua jambo ambalo simu haina: anajua kumwuliza mtu, "Umesikia kwa nani?"

4. Lugha ya vijana

Wazee wengi wakitazama maandishi ya vijana husema, "Kiswahili kimekwisha." Huona "xaxa" mahali pa "sasa", na "cjui" mahali pa "sijui", na "2taonana" mahali pa "tutaonana". Lawama hii yafaa ipimwe kabla ya kutolewa.

Ufupisho huu ulikuwa na sababu yake. Ujumbe mmoja wa simu uliwekewa mpaka wa herufi 160, na kila ujumbe ulikuwa na bei. Kijana asiye na fedha akapunguza herufi kama msafiri apunguzavyo mizigo. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walichunguza watoto 88 wa umri wa miaka 10 hata 12, wakakuta kwamba waliotumia vifupisho zaidi hawakuwa wabaya wa kusoma. Bali walielekea kuwa bora. Na maana yake haifichiki, kwani hawezi kulifupisha neno asiyejua sauti zake.

Basi hasara haiko katika kufupisha. Hasara iko katika kutojua kwamba kila mahali pana usemi wake. Kijana aandikaye "xaxa" kwa rafiki yake hana kosa. Lakini akiiandika katika karatasi ya mtihani, au katika barua ya kuomba kazi, au kwa mkwewe, amejivunjia heshima, na huenda asijue kwa nini mlango umefungwa. Kadhalika ujumbe wa sauti: ni mwepesi, na kwa mtu asiyejua kusoma ni neema. Walakini kijana asiyeandika ila kwa sauti na kwa picha za nyuso hajizoezi kupanga maneno yake, kutanguliza la kutangulia na kuakhirisha la mwisho. Barua ilimfundisha mtu kufikiri kabla ya kusema. Simu yamfundisha kusema, kisha kufuta.

Na adabu pia imeguswa. Zamani mwenye shida alikwenda barazani, akaamkia, akaketi, akauliza khabari za nyumbani, ndipo akasema haja yake. Vijana wengi huandika haja bila ya salamu, na hawakusudii utovu wa adabu. Hawakufundishwa tu kwamba mlango wa simu nao hubishwa hodi.

5. Kujifunza kwa simu

Hapa pana khabari ya pwani yenyewe. Tangu mwaka 2017 hata 2019 yalifanywa majaribio makubwa katika vijiji zaidi ya 100 vya mkoa wa Tanga. Watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na hesabu. Watatu katika kila wanne, au karibu na hapo, hawakuwa wamepata kwenda skuli, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Katika Mei 2019 tuzo ya mashindano hayo waligawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Msomaji na aitazame khabari hii kwa macho mawili. Jicho moja laona kwamba chombo kimewafikisha watoto mahali ambapo skuli haikuwafikisha, na mwenye kulikataa hili amekataa kweli. Jicho la pili laona kwamba nusu ya wale wasiojua walibaki hawajui, ingawa chombo kile kile kilikuwa mikononi mwao kwa muda ule ule. Chombo chaweza kufungua mlango. Hakiwezi kumwona aliyebaki nje.

Somo jingine lilikuja mwaka 2020. Kwa sababu ya maradhi ya korona skuli za Tanzania zilifungwa katika Machi, na nyingi zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Masomo yalipitishwa kwa redio, televisheni na mtandao. Mwanafunzi mwenye simu, na bando, na mtu mzima wa kumwongoza, alipata kitu. Mwenye simu bila ya mwongozaji alipata michezo. Na asiyekuwa na lolote alikaa.

Kuhusu kusoma katika kioo, mwaka 2018 wataalamu wa Hispania na wenzao walikusanya tafiti 54 zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Wakakuta kwamba wasomao maandishi ya kueleza mambo katika karatasi hufahamu zaidi kuliko wasomao katika kioo, na hasa wakiwa na haraka; ila katika hadithi hapakuwa na tofauti. Tena tofauti hiyo haikupungua kadiri miaka ilivyokwenda, bali ilizidi. Basi kuzaliwa na kioo hakukuwapa vijana kufahamu zaidi kwa kioo. Na mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliona kwamba mtu akidhani maneno aliyoyasoma yamehifadhiwa katika kompyuta, huyakumbuka machache kuliko yule aliyeambiwa kwamba yatafutwa. Moyo hauweki akiba ya kitu udhanicho kimewekwa na mwingine.

Watu wa vyuo wanalifahamu jambo hili bila ya tafiti. Mtoto wa chuo hukaa mbele ya mwalimu, akasoma, mwalimu akasikia, akamrudisha panapo kosa, akamruhusu kuendelea. Simu ina sauti nzuri za wasomaji mashuhuri, na ni msaada mkubwa kwa mwenye kurudia usiku. Hata ziko programu zinazosikiliza na kuonyesha neno lililorukwa. Walakini mwalimu hasikilizi neno tu. Huona mtoto aliyelala na njaa, na aliyesoma kwa hofu, na aliyekariri bila ya kufahamu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya vyombo vya kufundishia ilisema jambo la namna hiyo hiyo: chombo kitumiwe pale kinapomfaa mwanafunzi, wala kisichukue mahali pa mwalimu.

6. Khabari isiyo na mpokezi

Sasa turejee katika zile sifa tatu. Ujumbe unaopitishwa katika makundi ya WhatsApp mara nyingi haujulikani ni wa nani, ulianza lini, wala aliyeuleta hakuuona kwa macho. Yeye ameupokea na kuusukuma mbele. Mwenyewe hayupo, mchukuzi hana jawabu, na muda wa kupima haupo, kwani aliyechelewa kuupitisha huona amepitwa.

Madhara yake si ya dhana. Mwaka 2018 huko India watu kadhaa waliuawa na makundi ya watu waliosadiki khabari za uwongo, zilizopitishwa kwa simu, kwamba wao ni wezi wa watoto. Baada ya hayo WhatsApp ikatia alama katika ujumbe uliopitishwa, na katika Januari 2019 ikaweka mpaka wa kuupeleka kwa watu au makundi 5 tu kwa mara moja. Katika Kenya, kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022, taasisi ya Mozilla ilitoa uchunguzi juu ya video zaidi ya 130 za TikTok zenye uwongo na chuki za kisiasa, zilizokwisha kutazamwa zaidi ya mara milioni 4. Na Tanzania nzima yaujua ujumbe wa matapeli: "Ile hela itume kwenye namba hii." Haumtaji mtu, wala hela, wala sababu, unangoja tu mtu mwenye deni na haraka.

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu iitwayo ChatGPT, imezidi fitina nyingine. Akili mnemba humwandikia kijana jawabu la skuli kwa Kiswahili kizuri, huku mara nyingine ikitaja kitabu kisichokuwapo, au tarehe isiyo ya kweli, kwa sauti ile ile ya yakini. Mwongo wa zamani alijulikana kwa macho yake na kwa kusitasita. Huyu hasiti.

Waislamu wanayo dawa ya zamani kwa ugonjwa huu mpya. Maulamaa wa hadithi hawakuridhika kuuliza, "Maneno yasemaje?" Waliuliza, "Nani ameyapokea, na kwa nani, na je, hao wawili walipata kukutana?" Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijria, yaani 870, alitembea miji mingi kwa ajili ya maswali hayo. Amri ya kuhakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi imo katika Suratul Hujurat, na kila mtoto wa chuo huisoma. Lililobaki ni kumwonyesha kwamba amri hiyo yahusu pia ujumbe uliomo mfukoni mwake.

7. Yawapasayo watu kufanya

Wako wasemao dawa ni kuwanyang'anya vijana simu. Kumzuia mtoto mdogo ni haki, na mitandao mikubwa kama Facebook, Instagram na TikTok yenyewe imeweka umri wa miaka 13. Lakini kijana mkubwa akizuiliwa kabisa, atajifunza kwa siri kwa wenziwe, na siku ya kuomba mkopo au kazi ataachwa nyuma. Wengine huacha mambo yaende yenyewe. Njia ya haki iko katikati, nayo ni kuandamana na kijana njiani.

Baba na amzoeze mtoto maswali matatu juu ya kila khabari: Ni ya nani? Ni ya lini? Umejuaje kuwa ni kweli? Na ayaulize kwa upole, barazani au wakati wa chakula, si kwa kukamia. Mtoto akikosa jawabu, khabari isipitishwe. Baba mwenyewe awe wa kwanza kufuata sharti hili, kwani vijana wengi wamepokea uwongo kutoka katika kundi la jamaa, ukiwa umeletwa na mzee.

Namba ya siri asipewe mtoto, hata akiwa mwema. Si kwa kumdhania vibaya, bali kwa kumlinda na tuhuma. Mzee na ajifunze kubonyeza tarakimu nne mwenyewe. Hapana aibu kwa mzee kufundishwa kupangusa kioo na mjukuu wake. Aibu ni kumwachia mjukuu kazi ya kupima khabari na kutunza mali.

Tena baba ajue kwamba laini ya mtoto aliye chini ya miaka 18 aghalabu imesajiliwa kwa jina la mzazi. Tangu usajili wa alama za vidole uliokamilishwa mwaka 2020, matusi au utapeli ukitoka katika laini ile, jina litakalosomwa kwanza ni lake. Aweza kutazama laini zilizo kwa jina lake kwa kubonyeza *106#, na ujumbe wa matapeli hupelekwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 inamshika mwenye kutangaza uwongo huku akijua kuwa ni uwongo, kwa nia ya kupoteza watu.

Mwalimu na asiifanye simu adui, wala naibu wake. Baada ya sensa ya mwaka 2022 Serikali ya Tanzania iligawa vishikwambi kwa walimu. Basi chombo kiko, na kazi ni kukitumia kwa adabu. Mwanafunzi aandike kwa mkono wake, walau mara moja kila mwezi, barua kamili yenye jina, tarehe, salamu, maneno na khatima. Na akileta jawabu lililotoka katika mtandao, aulizwe limetoka wapi, na alisimulie kwa maneno yake bila ya kutazama.

Kijana naye ajue kwamba wepesi wa vidole ni neema, na neema ina haki yake. Amsomee bibi ujumbe wote, asimfiche neno. Asisukume mbele asichokijua. Na ajiwekee saa ambazo simu hukaa mbali: wakati wa darsa, wakati wa chakula na jamaa, na wakati wa kulala.

Mukhtasari

Njia ya misafara ilimlea kijana wa Unyamwezi kwa sababu alitembea nyuma ya ajuaye. Simu ni njia nyingine, nayo ni pana zaidi na haina kituo. Kijana wa leo anaijua vumbi yake; mzee anajua kuuliza visima. Mmoja akikosa mwenziwe, wote wawili watapotea, huyu kwa ujinga wa chombo na yule kwa ujinga wa khabari. Wakienda pamoja, watafika kwa salama. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.

Maswali

1. Taja sifa tatu za khabari ya zamani, kisha uchukue ujumbe mmoja ulioupokea wiki hii na uupime kwa sifa hizo.
2. Kwa nini kufupisha maneno si kosa kwa rafiki, na ni kosa katika mtihani?
3. Majaribio ya Tanga yameonyesha faida gani, na upungufu gani?
4. Nyumbani kwako, ni nani ajuaye namba ya siri ya mzee, na je, yafaa?